Mwalimu aliacha maandazi, sukari ikapanda

Siku ya kwanza alikuja kwenye chumba changu cha ushauri wa lishe na hasira, na haki yake ilikuwepo. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku akivuta kiti, kisha akaiweka karatasi ya maabara mbele yangu kama mwalimu anavyomrudishia mtoto daftari lililojaa makosa.

"Daktari anasema nakula kwa siri. Mwanangu, andazi halijapita mdomoni mwangu tangu mwaka jana."

Ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi hapa Tanga, umri wake miaka 51. Mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili asitambulike, na ameridhia kisa kiandikwe. Kisukari aina ya pili kiligunduliwa kwake mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya siku hiyo. Anameza metformini ya miligramu 500 asubuhi na jioni, na glibenklamidi ya miligramu 5 asubuhi. Uzito kilo 78. Karatasi aliyoniletea ilikuwa ya HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kwa sababu chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120 na hubeba alama ya sukari iliyozipitia. Ilisomeka asilimia 8.9. Miezi minne nyuma ilikuwa 8.1. Kwa watu wazima wengi huwa tunalenga iwe chini ya 7.

Kwa hiyo mbele yangu alikuwepo mtu aliyeacha vyakula alivyokatazwa, anayemeza dawa zake, na hali yake inazidi kuharibika. Ukiwa na foleni ya watu thelathini nje, jibu jepesi ni kwamba anadanganya. Daktari alikuwa ameshaandika kwamba mambo yasipobadilika ataanza sindano za insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Insulini si adhabu, ila huwezi kumwanzishia mtu insulini ili kufukuza kitu ambacho hujajua ni nini.

Nikamuuliza asubuhi anakula nini. Akanijibu kama anayesoma ubaoni: uji wa lishe, mkate wa brauni, juisi freshi ya machungwa, na asali badala ya sukari. Nakiri kwamba kalamu yangu ilikuwa imeshaandika "kifungua kinywa: kizuri" kabla sijainua kichwa. Kwa kuusikia tu, mlo huo hauna dosari. Kila kimoja hapo kinasifiwa redioni, kliniki ya watoto, kwenye makundi ya WhatsApp, na na mimi mwenyewe.

Kilichonizuia ni neno dogo aliloongeza mwishoni: "Uji wenyewe kikombe kimoja tu."

Kikombe gani? Alipotaka kunionyesha alitanua viganja vyote viwili. Nikamwomba arudi Ijumaa na vyombo vyake: kikombe, kijiko, glasi, kopo la unga, asali, na mkate wa siku hiyo. Akaniangalia kama mtu aliyetumwa kwa mganga, lakini alikuja.

Kabla ya Ijumaa hiyo niseme jambo moja kuhusu sisi na asubuhi. Kwetu mtu haulizwi kama amekula. Anaulizwa kama amekunywa chai. Chai ndiyo jina la mlo mzima, na vinavyoambatana nayo, hata viwe chapati tatu na bakuli la maharage, ni vitafunwa. Kwenye lugha yetu mlo wa kweli unaanza mchana, penye ugali au wali. Ndiyo maana mgonjwa akiambiwa apunguze wanga, ambao tumboni hugeuka sukari, anapunguza ugali wa mchana, anapunguza wali wa usiku, na asubuhi haigusi, kwa kuwa moyoni mwake asubuhi hakula, alikunywa. Uji unanywewa. Juisi inanywewa. Kinachonywewa hakihesabiwi.

Mezani siku ya Ijumaa

Alitoa vitu kwenye kikapu kimoja kimoja. Kikombe kilikuwa cha bati, cheupe, ukingo wa buluu uliobanduka upande wa mpini, vile ambavyo zamani kila nyumba ilikuwa navyo. Nikakijaza maji hadi pale anapojaza uji, nikayamimina kwenye jagi la kupimia: nusu lita na tone juu. Kikombe cha chai cha kawaida, kile cha udongo chenye kisahani, hakifiki hata nusu ya hicho.

Unga ulikuwa ule mchanganyiko unaojulikana: mahindi, ulezi, mtama, mchele, soya, karanga, mbegu za maboga. Huchemsha sufuria ya lita mbili kila alfajiri, wanakunywa wanne, yeye na wajukuu watatu, kila mtu nusu lita. Alichota kwa bakuli analotumia nyumbani, nikaweka juu ya mizani ya jikoni: gramu 240. Fungu lake ni gramu 60 za unga. Ukiondoa mafuta na protini ya soya, karanga na mbegu, humo mna wanga wa kama gramu 40.

Asali ilikuwa ya Handeni, nzito, kwenye chupa ya maji. "Vijiko viwili," alisema, nikampa nafasi amimine mwenyewe kwa kijiko chake. Hakikuwa kijiko cha chai. Kilikuwa cha kulia wali. Asali ina tabia yake: haikatiki kama sukari, inaning'inia, na mpaka kijiko kifike kikombeni kimeshabeba zaidi ya kilichokijaza. Mizani ilisoma gramu 43. Karibu sehemu nne katika tano za asali ni sukari, basi hapo pana gramu 35. Sikubishana naye kuhusu asali kuwa na shifaa. Anaiamini kwa dini yake na kwa malezi yake, nami sina ugomvi na hilo. Nilimwonyesha namba ya mizani tu.

Glasi ya juisi ilikuwa ya mililita 300. Machungwa ya Muheza, yaliyokamuliwa papo hapo, hayakutiwa sukari hata chembe, naye alilisisitiza hilo mara mbili. Ni kweli. Lakini glasi hiyo inahitaji machungwa manne au matano, na ndani yake mna gramu 30 hivi za sukari ya tunda lenyewe, wakati makapi yaliyokuwa yanaizuia isikimbie yamebaki kwenye chujio. Nikamuuliza ni nani angekaa saa kumi na moja na nusu alfajiri akamenya na kula machungwa manne. Akacheka kwa mara ya kwanza.

Mkate, slesi mbili nene, gramu 35 kila moja. Wanga kama gramu 16 kwa slesi. Si kila mkate wa rangi ya kahawia umetokana na ngano nzima. Mwingi ni unga mweupe uliotiwa pumba kidogo au rangi. Wake ulikuwa mwororo kama sponji, na kwenye karatasi yake kiungo cha kwanza kilikuwa unga wa ngano, basi.

Nilipoanza kujumlisha alininyang'anya kalamu. Mwalimu wa hesabu wa darasa la sita hawezi kukaa akitazama mtu anajumlisha polepole. 40, 35, 30, 32. Akaandika 137, akapiga mstari chini yake.

"Na ule wa zamani?" akauliza.

Ule wa zamani ulikuwa maandazi mawili na kikombe cha chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu. Andazi la ukubwa alioueleza lina wanga wa gramu 25 hivi. Kijiko cha chai cha sukari kikiwa sawasawa ni gramu 4, chake kilikuwa cha mlima, tuseme 6. Maziwa kidogo yana gramu 5. Akaandika 50, 18, 5. Jumla 73.

Alikaa kimya akitazama hizo namba mbili. Kisha akasema, "Kwa hiyo nilipokuwa mkosaji nilikuwa na nafuu."

Haraka nikamkatiza hapo, na ningependa msomaji naye asikimbie na sentensi hiyo. Andazi ni unga mweupe uliokaangwa kwenye mafuta mengi, mara nyingi yaliyokwisha kukaangiwa jana na juzi, na moyo na uzito vina habari zao na mafuta hayo. Kuyaacha hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kwamba nafasi ya andazi ilijazwa na vitu vinne vyenye sifa nzuri, na hakuna aliyempa kipimo cha hata kimoja. Alikuwa amebadilisha majina ya vyakula. Wanga uliongezeka karibu maradufu.

Sifa ya uji

Uji wa lishe una historia ya heshima. Tunaupigia debe kwa watoto walioanza kula na kwa waliodhoofika, kwa sababu mtoto mdogo ana tumbo dogo na anahitaji nguvu nyingi ndani ya vijiko vichache. Unga uliosagwa laini, ukachanganywa na karanga na soya, ni jibu zuri kwa shida hiyo. Ila shida ya mtoto wa kilo nane na shida ya mwalimu wa kilo 78 mwenye kisukari zimekaa pande mbili tofauti za mto. Neno "lishe" kwenye kopo halisemi ni lishe ya nani.

Halafu kuna hii imani ya nafaka nyingi. Watu wanashindana: mimi nachanganya tano, mimi saba, mimi tisa. Mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele na ngano ni ndugu wa tumbo moja. Vyote kazi yao kubwa ni kuleta wanga. Kuchanganya sita hakukupi aina sita za faida kwa mwenye kisukari. Ulezi una madini ya chokaa kuliko wenzake, na hilo ni jema, lakini nusu lita ni nusu lita.

Kinu nacho kina mchango wake. Nafaka nzima mwili unaifungua taratibu. Ikishasagwa laini kama poda, kazi hiyo imeshafanywa na mashine, na sukari inaingia kwenye damu upesi. Ukiifanya nyepesi ya kunywewa, hata meno hayana kazi. Kande na uji wa mahindi vinatoka kwenye gunia moja, ila tumboni haviendi mwendo mmoja.

Mwalimu alikuwa na utetezi, na ulikuwa mzuri. Alinionyesha kwenye simu chati ya fahirisi ya glisemia, ile inayopanga vyakula kwa kasi ya kupandisha sukari. Uji wake na mkate wake vilikuwa kwenye safu ya njano, si nyekundu. Kipimo hicho kilibuniwa na David Jenkins na wenzake Toronto mwaka 1981, na kina manufaa yake. Lakini kinavyopimwa ni hivi: mtu anapewa kiasi cha chakula chenye gramu 50 za wanga, kisha anafuatiliwa damu. Kila chakula kwenye chati kimepewa kiasi kilekile cha wanga. Chati inajua kasi. Kikombe chako cha bati haikijui. Ukinywa cha safu ya njano mara tatu ya kiasi, damu haitazami rangi.

Na asubuhi ndiyo saa mbaya zaidi ya kufanya hivyo. Kuelekea alfajiri mwili unatoa kortisoli na homoni nyingine za kutuamsha, ini linaachia sukari yake, na insulini inafanya kazi kwa uvivu. Kwa wagonjwa wengi wanga uleule ukiliwa asubuhi unapandisha sukari kuliko ukiliwa mchana. Mwalimu alikuwa ameweka mzigo wake mkubwa wa siku kwenye saa ambayo mbeba mizigo bado amelala.

Vijiti kumi

Mashine ya kupimia alikuwa nayo, aliletewa na mwanawe. Vijiti ndivyo vyenye gharama, kwa hiyo alikuwa anapima asubuhi tu kabla ya kula, mara moja kwa wiki, na namba zake, kwa milimoli za sukari katika lita ya damu, zilikuwa za 7 na kitu, wakati mwingine 8. Si nzuri, ila si za kutisha. Zilimfariji. Kipimo cha kabla ya kula hakiwezi kukuambia chai imefanya nini, kama vile huwezi kujua mvua ya mchana kwa kutazama ndoo asubuhi. Ile HbA1c ya asilimia 8.9 ilikuwa inapikwa baada ya kula, saa ambazo hakuna aliyekuwa anachungulia.

Tulikubaliana atumie vijiti kumi, asubuhi tano: kimoja kabla, kimoja saa mbili baada ya kuanza kula. Hapa lugha yetu ilitaka kutuchezea. Siku ya kwanza alipima "saa mbili" kwa maana ya saa mbili asubuhi, kengele ya kipindi, wakati alikula kumi na moja na nusu. Kijiti kikaenda bure. Tangu siku hiyo kwa kila mgonjwa naandika saa kamili: umekula saa 11:30 alfajiri, pima saa 1:30 asubuhi.

Kabla ya majaribio nilimtumia daktari ujumbe kwamba tunapunguza wanga wa asubuhi. Nilituma. Sikusubiri jibu. Nitarudi hapo.

Asubuhi ya kwanza iliyohesabiwa, baada ya ile iliyoharibika, alikunywa na kula kama kawaida yake, vitu vyote vinne. Kabla: 7.9. Baada: 15.6. Kwa mwenye kisukari tunapenda namba ya baada ya kula isizidi 10. Alinipigia simu saa mbili kasoro kutoka ofisi ya walimu, sauti ya chini, akidhani mashine imeharibika.

Ya pili, mayai mawili ya kuchemsha, mchicha uliokaangwa kidogo na nyanya, chai ya rangi bila sukari. 7.8, kisha 8.6. Namba ya kupendeza sana, na mlo ambao haukudumu hata siku moja, maana mapumziko ya saa nne alikuwa mbele ya mama muuza mihogo ya kukaanga. "Sikushiba. Nilifundisha sehemu huku nikiona mihogo ubaoni." Nilijifunza kuheshimu jibu hilo. Mlo ambao mtu hawezi kuufuata hauna faida hata ukiwa na namba ya dhahabu.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda. Mbaazi bakuli dogo, zimepikwa jana yake jioni kwa tui jepesi, na kiazi kitamu kimoja cha kuchemsha kinachokaa ndani ya ngumi, na chai ya maziwa isiyo na sukari. Huku pwani mbaazi na mahamri ni pacha. Tulichofanya ni kumwachisha mmoja na kumwozesha mwingine. Mbaazi zina wanga pia, watu husahau, lakini ni wanga uliofungwa ndani ya ganda, una nyuzinyuzi nyingi na protini ya kutosha, na unateremka polepole. Nilimwomba aanze na mbaazi, kiazi kifuate, kwa kuwa protini na nyuzinyuzi zikitangulia tumboni wanga unaokuja nyuma haukimbii sana. Mlo wote ulikuwa na wanga wa kama gramu 50. Namba: 7.6, kisha 10.4. Saa nne hakumkumbuka muuza mihogo.

Ya nne ilikuwa uji. Alishaanza kuuzungumzia kama marehemu, nikaona si haki. Unga uleule, sufuria ileile ya wajukuu, ila kikombe cha udongo cha robo lita, bila asali, pamoja na yai moja. 7.5, kisha 9.8. Hapo ndipo aliponyamaza kabisa kuulaumu uji.

Ya tano ilikuwa marudio ya mbaazi na kiazi, ila badala ya kupanda bodaboda alitembea kwenda shule, dakika ishirini. 7.7, kisha 9.1. Misuli inayotembea inavuta sukari kutoka kwenye damu bila kungoja sana insulini, na mwendo mfupi baada ya kula una thamani kuliko watu wanavyodhani.

Kosa langu

Wiki ya pili, siku ya Jumanne, saa tano asubuhi, akiwa anafundisha darasa la sita, mikono ilianza kumtetemeka. Jasho likamtoka, chaki ikamponyoka. Watoto walidhani mwalimu amekasirika. Mwenzake alimshika mkono hadi ofisini, wakapima: 3.4.

Glibenklamidi inalisukuma kongosho litoe insulini uwe umekula au hujala. Kidonge hicho kilikuwa kimepangiwa mtu anayekula gramu 137 za wanga alfajiri. Sisi tulimshusha hadi 50, tukaongeza mwendo wa miguu, na kidonge kikabaki palepale. Siku hiyo tena alikuwa amekosa muda wa kula chungwa lake la saa nne kwa sababu ya kikao. Mimi nilijua dawa anayoitumia. Ilikuwa imeandikwa kwenye faili mbele yangu tangu siku ya kwanza. Kutuma ujumbe na kutosubiri jibu si kuwasiliana.

Walimpa maji yenye vijiko vitatu vya sukari vilivyojaa, wakasubiri dakika kumi na tano, wakapima tena, 4.9, ndipo akala slesi ya mkate. Walifanya sahihi kuliko zahanati nyingi, na nilipomuuliza alisema mwenzake huyo ana mama mwenye ugonjwa huo. Daktari aliisimamisha glibenklamidi siku hiyohiyo na kuacha metformini peke yake, ambayo ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kiasi hicho.

Kwa hiyo ukisoma kisa hiki na wewe unatumia glibenklamidi, glimepiridi au insulini, usianze na kikombe. Anza na daktari aliyekuandikia dawa, na upate jibu lake kwanza.

Miezi mitatu baadaye

Siku za shule ni mbaazi, maharage au kunde na kipande cha kiazi kitamu, gimbi au muhogo wa kuchemsha. Muhogo na gimbi vina wanga mzito kuliko kiazi kitamu kwa uzito uleule, kwa hiyo kipande chake ni kidogo zaidi. Mayai yanaingia mara mbili kwa wiki, pesa ikiruhusu. Kunde na mbaazi hazimsumbui mfukoni. Anachemsha sufuria moja Jumapili na nyingine Jumatano. Parachichi likiwa kwenye msimu linachukua nafasi ya siagi, na lenyewe lina wanga kidogo mno. Chungwa ni moja, linaliwa zima saa nne na makapi yake. Juisi imehamia sikukuu. Jumamosi na Jumapili ni uji, kikombe cha robo lita, hauna asali. Wajukuu wanaendelea na mgao wao na asali yao, maana wao wanakua.

Asali hakuiacha kabisa. Kijiko kimoja cha chai, siku ya Ijumaa. Sikupinga.

HbA1c imeshuka kutoka 8.9 hadi 7.4, na kidonge kimoja kimepungua. Uzito kilo 75. Siwezi kuapa kwamba yote ni kazi ya asubuhi: anatembea sasa, na huenda ule mshtuko wa darasani umemfanya awe makini hata usiku. Sukari ya kabla ya kula bado inacheza kwenye 7, na ninashuku ugali wa usiku, ambao bado hatujauweka kwenye mizani. Daktari aliandika kwenye faili "insulini: ngoja kwanza".

Wiki iliyopita alirudi bila miadi. Ramadhani inakaribia, na alitaka kujua kama anaweza kufunga, na futari itakuwaje: uji wa pilipili manga, tende, tambi za sukari, viazi vya nazi, vyote mezani kwa pamoja na watu wote wanakutazama. Kuhusu kufunga nilimwandikia barua ya kwenda nayo kwa daktari, na safari hii nilimpigia daktari simu naye akiwa amekaa mbele yangu. Kuhusu futari nilimwambia aje Alhamisi, na asisahau bakuli lake.